Dirisha la Nassor

Nilishafika mahali pa kusema kwamba hakuna tena kitu duniani kitakachonishangaza. Mtu aliyebeba magunia ya mchele pale Malindi, kutoka melini hadi kwenye gari, akiwa na darasa la tano peke yake kichwani, na leo ana maduka matatu ya simu yenye jina lake juu kwa taa, huyo keshaona. Nimeona matajiri wa kurithi wakija kwangu kuomba niwapunguzie bei. Nimeona simu iliyotumbukia kisimani ikafufuka mkononi mwangu. Kwa hivyo alipofariki Nassor kule Muscat mwezi uliopita, na khitma yake ikasomwa msikitini Kikwajuni, nilivaa kanzu yangu iliyonyooshwa vizuri, nikakaa safu ya mbele, nikijua yote yatakayosemwa. Na yakasemwa. Baada ya dua, kahawa na halua zikipita, kila mtu alikuwa na neno juu ya sauti ya Nassor kwenye redio yake ya intaneti. Mmoja akakumbuka alivyokuwa akisoma salamu za watu wa London. Mwengine akakumbuka lile dirisha. Mzee mmoja aliyekuwa mshoni wa chini ya chumba chake akasema Unguja haijapata tena kinywa kama kile. Mimi nikangoja mtu aseme ni nani aliyeilipia shughuli kubwa kuliko zote za redio ile. Nikangoja mpaka sinia la halua likabaki mafuta matupu. Hakusema mtu.

Basi naandika mwenyewe. Habari za wazee wangu na ukoo wangu siziweki hapa, kwa sababu aliyenijenga ni mimi, na mwaka ninaotaka kuusimulia ni mmoja tu, ule mwaka ambao intaneti iliingia kwenye simu za watu wa kawaida. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Magunia nilikuwa nshayaacha, nimekodi kibanda Darajani kisichozidi upana wa kitanda, nauza chaja na betri, na kuwajazia watu nyimbo kwenye memori kadi. Kazi ile ya nyimbo hakuna aliyeijua kama mimi, na yeyote wa wakati ule atakwambia hivyo hivyo. Bibi harusi akitaka nyimbo za kuingilia ukumbini, kwa Sele. Vijana wa mahoteli ya Matemwe wakitaka za kuwachezesha wageni, kwa Sele. Wimbo ukitoka Lagos asubuhi, jioni uko kwangu, na waliovuka kwenda Dar kuutafuta walirudi wakaukuta Darajani. Sele Chaja, ndivyo nilivyoitwa, na jina hilo sijalikana. Liko kwenye mabango mpaka leo.

Nyimbo hizo nilikuwa nikizishushia kwenye intaneti kafe ya Kikwajuni, na aliyekuwa akiisimamia ndiye Nassor. Mtu mwembamba, miwani imefungwa uzi sikio moja, anasema taratibu kama anayemwamsha mtoto. Watu husema yeye ndiye aliyenifunza redio za intaneti. Tulizikuta pamoja. Kidole kilichobonyeza kilikuwa chake, lakini muda wa kompyuta niliulipia mimi. Mchana wa jua kali, kafe tupu, tulikuwa tukikaa mbele ya skrini moja na hedfoni moja, sikio hili lake, sikio lile langu, bakuli moja la urojo katikati na vijiko viwili, tukizunguka dunia. Tulimpata mwanamke wa Brazil asiyenyamaza hata wimbo ukianza. Tulimpata mzee wa nchi ya theluji ambaye alipiga kodiani tu, mchana kutwa, halafu akawa anakohoa. Tulipata taarabu ya Misri ikirushwa kutoka chumba kimoja cha Paris, na Nassor akasema, sikiliza, kuna mtu nyuma yake anaosha vyombo. Mara kiduara kinaanza kuzunguka kwenye skrini, neno limekatika nusu, na sisi tumebaki na vijiko hewani tunangoja mwimbaji amalize kulalamika. Mimi nikirudi Darajani naandika kwa chaki kwenye mlango wa kibanda: LEO KOLOMBIA. Naweka spika nje, watu wanasimama. Wanauliza wanasema nini hao. Nawafasiria. Kikolombia sikukijua, ila mapenzi ni yale yale, na mteja hajarudi kudai pesa yake.

Tofauti yetu ni kwamba mimi niliona biashara, na Nassor akaona kitu chengine. Siku moja akanambia kama hawa watu wako vyumbani mwao tu na sisi tunawasikia, basi na sisi tunaweza kuwa vyumbani mwetu na wao wakatusikia. Nikamcheka. Nikamuuliza nani London atakaa asikilize Kikwajuni. Mwezi wa pili yake akafungua Redio Dirishani, katika chumba alichokodi ghorofani juu ya mshoni. Magodoro mawili ya zamani ameyagongomea ukutani ili sauti isirudi, khanga imetundikwa mlangoni, na pangaboi halikuwashwa akiwa anasema, kwa hivyo alisoma salamu huku jasho likimdondokea kwenye vitufe. Dirisha alilifunga mwanzoni. Halafu jioni moja joto likamshinda akalifungua, na mwuza kahawa akapita chini akigonganisha vikombe vyake. Nassor akataka kuomba radhi hewani, lakini hapo hapo ujumbe ukaanza kumiminika. Mtu wa Muscat, miaka thelathini hajarudi, ameandika: usilifunge. Bibi mmoja wa London akaandika kwamba alizima jiko ili asikie vizuri. Tokea siku hiyo Nassor akawa analifungua dirisha kila alasiri, anasogeza maikrofoni, na kwa dakika nzima hasemi kitu. Vikombe, watoto wa chuoni wakitoka, mama akimwita mtu ngazini, "Ewe Asha," na Asha akijibu "Naam." Watu wakilia huko waliko. Mimi nilikuwa na nyimbo elfu nne kwenye kompyuta yangu, kutoka kila nchi uijuayo, na hakuna aliyepata kunililia.

Sasa niseme habari ya Zuhura, maana bila ya yeye haya yote yangebaki maneno ya barazani tu. Nilikuwa nshampeleka mshenga, na posa imekubaliwa kwa mdomo, bado siku kupangwa. Alikuwa akikaa Malindi kwa shangazi yake, Bi Tatu, chumba cha ghorofa ya pili ambacho kutwa kulikuwa na wanawake wanaoshona kofia za mkono, wamekaa mkekani, miguu imenyooshwa, sindano zinapanda na kushuka. Zuhura mshono wake ulikuwa mdogo kama mtama. Kila Ijumaa nikipeleka kitu, samaki, au maembe ya mwanzo, na mara moja nikapeleka kitu ambacho hakuna mchumba wa Malindi aliyewahi kupeleka: simu ya kugusa, mpya, ndani ya boksi lake. Nikamweleza bei yake na bei ya wengine wanaouza, na kwa nini ya kwangu ni bora. Nikamfunza mwenyewe kuifungua. Nikamwekea bando, na kila wiki nikawa namwekea. Na kwa kuwa nilitaka ajue mchumba wake ni mtu wa dunia, nikamfunza kufungua redio. Nikamwekea Brazil, nikamwekea Paris. Mwisho, kwa ujinga wa mtu anayejiamini, nikamwekea ya rafiki yangu wa Kikwajuni.

Ijumaa iliyofuata nilipanda ngazi za Bi Tatu na samaki wangu wa kupaka mkononi, bado wa moto, na kwenye kona ya ngazi nikasikia sauti ya mwanamume ndani. Nikasimama. Ilikuwa sauti ya Nassor. Wameiweka simu ndani ya bakuli la bati ili iwe na nguvu, na bakuli liko katikati ya mkeka, na wanawake wote wamenyamaza, kitu ambacho sijapata kukisikia katika chumba kile. Alikuwa akisoma salamu tu. Fulani wa Dubai anamsalimia mama yake wa Kikwajuni, anamwambia dawa zimetumwa. Lakini alivyozisoma, ungedhani dawa zenyewe zimefika na mama keshapona. Akamaliza, akafungua dirisha lake. Ndipo nikamsikia Zuhura wangu, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, akisema: "Sauti hii ingekuwa halua, nngeimega."

Wanawake wakacheka. Bi Tatu akamwambia amege taratibu, mwenye bando asije akasikia. Wakacheka zaidi. Mimi niko ngazini na sahani, mchuzi unanimwagikia kiganjani, na kitu kilichoniuma zaidi ya mchuzi ni hili: simu yangu, bando langu, na kidole chake nilikifunza mimi.

Mtu asiyejua wivu anadhani ni hasira. Si hasira. Ni kazi, tena ya kutwa, haina Ijumaa. Nikaanza kuisikiliza Redio Dirishani asubuhi hadi magharibi, kuliko shabiki wake yeyote, nikitafuta kosa. Nikisikia Nassor anakohoa, nafurahi. Nikisikia anamsalimia "dada yetu wa Malindi", namwacha mteja naongeza sauti, mpaka nasikia ni mwengine, muuza maandazi. Wateja wakija kujaza nyimbo nawauliza wanaionaje redio ile, natamani mmoja aseme haina maana, na wao wanasema tujazie na zile dakika zake za dirisha, kama unazo. Dirisha. Watu wanataka kulipia vikombe vya kahawa na kelele za Asha. Nikaenda kwa Nassor nikamwomba kipindi changu, cha nyimbo za dunia, saa moja kila Jumanne, na nisiseme uongo, alinipa mara moja bila ya kuuliza. Nilikwenda nimejipulizia manukato, nikasema saa nzima. Siku ya pili Bi Tatu akanambia, kwa heshima zake zote, kwamba sauti yangu ilikuwa na nguvu sana, kama ya mtu anayenadi samaki sokoni, na hapakuhitajika bakuli. Sikurudi tena Jumanne.

Nikaona kama siwezi kuwa sauti, basi niwe mwenye shughuli. Redio ilikuwa inakaribia kutimiza mwaka, na Nassor alikuwa akitamani kufanya taarabu ya hadhara, irushwe moja kwa moja kwa watu wa nje, lakini hana kitu. Nikamwambia mimi nalipa. Ukumbi, kikundi, soda, kila kitu. Sharti langu moja tu, kila siku alitaje jina langu hewani. Akakubali, na mwezi mzima akalitaja: "Shughuli imesimamiwa na ndugu yetu Suleiman wa Darajani." Nikaenda kwa Bi Tatu kuona jina langu limewafikaje. Zuhura alikuwa akipika mkate wa kumimina, nyumba nzima inanukia iliki. Akanambia bila ya kugeuka kwamba amelisikia jina langu, na kwamba hakuwahi kujua kama ni zuri hivyo. "Nassor akilitaja," akasema, "linapendeza."

Hapo ndipo nilipolipuka. Nilimwambia mbele ya shangazi yake achague, ama mimi ama redio ile. Akaukamilisha mkate, akaupindua kwa mkono wake, akafuta mikono, akaingia ndani, akatoka na ile simu ndani ya boksi lake, na chaja yake, na hata ule mfuko wa nailoni iliyokuja nao. Akaviweka mbele yangu. Bi Tatu akasema, "Mwanangu Sele, redio haina mikono. Wewe unayo, lakini umeijaza bei." Akanambia neno la posa lilikuwa la mdomo na linaweza kurudi kwa mdomo, nao watanijibu baada ya taarabu, kwa kuwa kadi washapokea na nguo zishashonwa. Nikashuka ngazi na boksi kwapani. Mkate ule sikuuonja.

Taarabu ilipigwa Jumapili baada ya alasiri, ili watu wa nje wote waipate wakiwa macho. Wengi hawajapata kuona taarabu ya mchana, madirisha wazi, jua linapiga kwenye nguo za kumetameta mpaka macho yanauma. Wanawake mbele, wanaume pembeni na nyuma. Nassor alikuwa kona ya jukwaa nyuma ya kompyuta yake, maikrofoni ndogo mdomoni, ananong'ona na watu wake wa mbali, ukumbini hasikiki. Zuhura alikaa safu ya tatu na Bi Tatu, kavaa zambarau, na hakunitazama. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mwenye shughuli, noti mpya zimenyooka mfukoni mwa kanzu, nimezipanga tokea asubuhi. Nilikuwa nimeamua kwamba siku ile Zuhura ataona nani mwanamume.

Anayejua taarabu anajua kutunza. Hutoki ukampa mwimbaji pesa kama unampa posho. Unakaa, unasikiliza, na yakifika maneno yaliyo yako, yale unayotaka yamfike mtu fulani, ndipo unapoinuka, noti juu, unakwenda kwa madaha mpaka mbele yake unamkabidhi. Ukishamkabidhi, maneno si yake tena. Ni yako, umeyasema wewe, na ukumbi mzima unageuka kutazama unamwimbia nani. Na yeye mwimbaji, kwa heshima, atakurudia ubeti ule ule, kwa sababu umeupenda. Haya nilikuwa nayajua kama ninavyojua njia ya kwetu. Lakini Bi Mwanakheri, mwimbaji mwenyewe, aliposema sasa ni wimbo mpya ambao haujapata kuimbwa popote, na fidla zikaanza, mimi nikaogopa nisije nikatanguliwa. Nikainuka kabla ya neno la kwanza. Nilikwenda mbele noti mbili juu, natabasamu kulia na kushoto, nikafika, nikazitia mkononi mwake, na yeye ndipo akafungua kinywa:

Nyumba nimejenga mimi, mwenye kukaa ni yeye,
taa nimewasha mimi, mwanga kauona yeye,
naona wivu wenzangu, nishikeni nisilie.

Nikasikia pumzi ya wanawake, ile ya kuvuta ndani, inaanza safu ya mbele inakwenda hadi nyuma, maana Malindi na Darajani nzima ilikuwa inajua habari ya simu na bakuli. Na mimi ndiye niliyetunza. Nikataka ubeti ule upite, uje mwengine, wa mapenzi au wa Mtume, wowote. Bi Mwanakheri akaurudia, kwa heshima yangu. Sasa mtu mwenye akili zake angegeuka akakae. Mimi mkono ulikuwa mfukoni tayari. Maisha yangu yote nilikuwa nimezoea kwamba jambo likikwama unaongeza pesa linakwenda, kwa hivyo nikampa nyengine, nikamwashiria kwa macho, endelea mbele, mama, endelea. Akanielewa alivyonielewa. Akaurudia tena, taratibu zaidi, akanipigia na goti. Nikampa nyengine. Akaurudia. Wapiga fidla wakanogewa. Wanawake wamesimama, vigelegele, mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Mshikeni jamani, asilie," na mimi nachomoa noti kama mtu anayezima moto kwa mafuta ya taa, naona wivu wenzangu, naona wivu wenzangu, mpaka mfuko ukabaki na funguo.

Ndipo Zuhura alipoinuka. Watu wakampisha. Nilijua maana yake, na ukumbi ulijua: mtu wa pili akitunza ubeti huo huo, ama ameukubali pamoja na wewe, ama amekujibu, na kwa uso aliokuja nao nikajua nimejibiwa. Alikuwa na noti moja ya mia tano, kuukuu, imekunjwa mara mbili. Akafika mbele ya Bi Mwanakheri, ambaye alishanyoosha mkono kuipokea. Akampita. Akaja kwangu, akanitazama kama anayetafuta mahali pa kuanzia mshono, akainua mkono wake akaichomeka ile noti kwenye ukingo wa kofia yangu. Akarudi kukaa. Bi Mwanakheri, mtu aliyeimba miaka arubaini, maneno yakampotea, akacheka kwenye maikrofoni.

Siku ya pili Bi Tatu akaniita, akanambia niirudishe ile simu, na nisisahau bando. Tukaoana baada ya mfungo. Kwa nini amenitunza mimi, Zuhura hakunambia, na mimi sikumuuliza, kwa sababu mtu aliyefungiwa mzigo mzuri hauulizi uzito. Redio Dirishani ilidumu miezi michache tu zaidi. Nassor akapata kazi Muscat, kwa mmoja wa wale waliokuwa wakimsikiliza, na tiketi yake nilimkatia mimi, tena kwa moyo mmoja, na nilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege nikahakikisha amepanda. Kompyuta yake aliniachia. Niliitia stoo, chini ya maboksi ya chaja, na kila nikihamia duka kubwa zaidi ikahamia nami. Sikuwahi kuiwasha. Sikuitupa pia.

Jioni ile ya khitma nilirudi nyumbani, Zuhura ananichotea wali wa nazi, macho yake mekundu. Macho yale sikuyapenda. Nimekaa naye miaka yote hii, nimempa nyumba ya ghorofa, na maiti wa Muscat anamliza. Akanambia, "Ile kompyuta ya Nassor si unayo? Nataka kuisikia sauti ile mara moja." Nikasema ishaoza. Akasema wewe ulifufua simu ya kisimani. Kwa hivyo nikaitoa. Hewa ya chumvi ilikuwa imelila diski lake la ndani, vijana wangu dukani wakashindwa, nikalipeleka kwa boti mpaka kwa fundi mmoja Dar mwenye vyombo vya kazi hiyo, na kila siku liliyokaa kule nilikuwa naomba mambo mawili, lipone na lisipone.

Lilirudi na vipindi vyote, na ile taarabu pia, nikavijaza kwenye simu ya Zuhura. Tulisikiliza jikoni tukila chakula cha mchana. Zuhura akaiweka simu kwenye bakuli la bati, lile lile, nyumba yangu ina spika za kila aina na yeye ana bakuli. Akafungua na dirisha. Nilikuwa tayari kwa yote. Nilijua fidla zitaanza lini, nilijua nitainuka lini, na niliuma meno. Nilichokuwa sikijui ni kile Nassor alichokuwa akiwanong'oneza watu wake kutoka ile kona ya jukwaa, kwa kuwa ukumbini hatukumsikia. Na hapo, mimi niliyesema hakuna cha kunishangaza, nikashusha kijiko.

"Nyinyi mlio mbali," anasema Nassor, na nyuma yake vigelegele, "mnasikia ukumbi ulivyolipuka. Aliyesimama ni Suleiman, mwenye shughuli hii. Anautunza ubeti, anautunza tena. Anawatunzia nyinyi, mliojenga nyumba huku na mnalala za kupanga huko. Kila noti anayoitoa ni ya mmoja wenu. Muscat, hii yenu. London, hii yenu."

Na anaendelea hivyo, mji mmoja kwa noti moja, mpaka mfuko wangu ulipokwisha. Kumbe watu wa nje, kwa salamu zao alizozisoma baadaye, walilia siku ile, na waliniombea dua, na mimi miaka yote najua nilichekwa dunia nzima. Ningepaswa kumshukuru. Nimejaribu. Kilichonijia kwanza, naandika kilivyokuja, ni kwamba hata aibu yangu aliisema vizuri kuliko nilivyoifanya mimi. Namwonea wivu mpaka kaburini.

Zuhura alikuwa akifuta macho kwa ncha ya khanga na huku anacheka. Nikaona kama siulizi leo siulizi tena. Nikamuuliza habari ya halua, niliyoisikia ngazini. Hakujua kama nilikuwepo.

"Halua mtu anaimega," akasema. "Haolewi nayo."

Nikamuuliza basi ile mia tano ilikuwa ya nini. Akaziba spika ya simu kwa dole gumba, sauti ikafifia.

"Mwaka mzima ulikuwa ukinambia bei za vitu, bwana. Simu bei yake, samaki bei yake, ukumbi bei yake. Siku ile ndio mara ya kwanza kunambia kitu chengine."

Akaondoa kidole, akaweka kipindi cha siku nyengine, akamwachia Nassor afungue dirisha lake, na tukamsikia mwuza kahawa akipita Kikwajuni. Nilichukua kalamu, kwa kuwa mikono yangu haijui kukaa bure, nikajumlisha: simu na bando zake, ukumbi na kikundi na soda, noti za Bi Mwanakheri, tiketi ya Muscat, na fundi wa Dar na diski lake. Halafu nikatoa ile ya kwenye kofia, kwa sababu hiyo nililipwa. Imenigharimu shilingi milioni mbili, laki tatu, elfu tisini na tisa na mia tano.